Mtoto Aliyetabasamu Motoni

Tarehe 4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yametulia na mdomo wako haujatulia, maana siku utakaponyamaza wewe, nitajua dunia imekwisha. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine, karibu na kazini. Dirisha linatazama ukuta, lakini paka wa jirani hupita juu ya huo ukuta kila asubuhi, basi nina mgeni.

Nimesikia kiwanda cha uchapaji kimefungwa na mwanao, Kaka Mrefu, amerudi nyumbani kwako. Mpe pole. Mwambie mkono wenye ufundi haukosi cha kushika. Nimekupigia simu mara nyingi, inaita tu hadi inakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shangazi, unakumbuka hadithi uliyokuwa ukitusimulia huku ukimenya viazi, mimi na Kaka tumekaa chini ya meza? Ile ya mfalme katili aliyejipatia ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, ndani ya nyumba wala nje, mchana wala usiku. Na mwanawe mdogo, Prahlada, aliyekataa kumwabudu baba yake, akatupwa motoni asiungue. Halafu siku ile baba anauliza, "Huyo Mungu wako yumo hata kwenye nguzo hii?" Anaipiga, nguzo inapasuka, anatoka Narasimha, Mungu mwenyewe, nusu mtu nusu simba. Ukifika hapo ulikuwa unapiga meza kwa mpini wa kisu, sisi tunapiga kelele.

Basi, hiyo hadithi tunaifanya filamu ya katuni. Na mimi ndiye niliyepewa Narasimha. Namna anavyotoka kwenye nguzo, anavyokanyaga chini, anavyogeuza shingo, yote ni kazi yangu. Siku nilipoambiwa nililia chooni, kwa furaha.

Sasa nalia kwa mengine. Bosi wetu tunamwita Haraka, maana hana neno jingine. Anataka filamu itoke kabla shule hazijafungwa. Mwili wa simba niliouchora ameutupa, akanunua mwili wa tayari kwenye mtandao. Simba huyo alishatumika kwenye tangazo la biskuti, Shangazi. Macho yake hayapepesi. Akitembea, nyayo zinateleza kama amevaa soksi kwenye sakafu iliyopigwa nta. Manyoya ya shingo yanapenya begani na kutokea upande wa pili. Na mtoto, Prahlada, sura yake nayo ni ya kununua, imekuja na tabasamu na hatukupewa muda wa kuliondoa. Anatupwa motoni anatabasamu. Baba yake anainua upanga, anatabasamu.

Nilimwambia Haraka, "Bosi, huyu si wa biskuti. Kuna watu wanamwomba huyu."

Akasema, "Watoto hawajui tofauti."

Trela, kile kipande cha kuitangaza filamu, inatoka wiki ijayo. Niambie, wewe ulipokuwa ukisimulia, ulikuwa unamwona vipi? Labda nitaiba muda nirekebishe hata sura tu.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 21 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, unisamehe. Magoti ni yale yale, yananiambia mvua kabla ya redio. Muuguzi wa nyumba ya pili anakusalimu sana, ndiye atakayenitilia barua hii posta. Wewe pia, ukiniandikia, andika kwa jina lake. Usiulize kwa nini. Na nyuma ya bahasha usiweke anwani yako.

Simu usinipigie. Simu yangu siku hizi inashikwa na kaka yako.

Anaendelea vizuri. Hana kazi, lakini amepata wenzake, vijana wanaokutana hekaluni. Mwanzoni nilifurahi, nikasema afadhali huko kuliko kulala tu akitazama dari. Wanafagia uwanja, wanabeba wazee. Sasa wanazungumza zaidi kuliko wanavyofagia.

Trela yenu tumeiona. Walifunga kitambaa cheupe uwanjani, wakairusha. Watu walikuja na watoto. Nilikaa mbele, nimewaambia wote, "Huyo simba ni mikono ya mwanangu." Nilijivuna, Chiriku, kabla ya kuona.

Alipotoka kwenye nguzo watoto walicheka. Mmoja akasema, "Mama, paka!" Wakubwa nao wakacheka kidogo. Kisha pale anapomweka mfalme mapajani amrarue kwa kucha, na mkono wake unampita tumboni kama unapita kwenye moshi, na yule mtoto pembeni anatabasamu, kicheko kikakatika. Sijawahi kusikia watu wengi wananyamaza kwa pamoja namna ile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitafuta viatu vyangu nikaondoka.

Umeniuliza nilikuwa namwona vipi. Kusema kweli sikuwa namwona. Nilikuwa naiona nguzo. Yule mtoto amesimama hapo, ameulizwa swali, amejibu, na sasa nguzo iko kimya. Hofu yote iko hapo, kabla haijapasuka. Na usidhani mtoto yule hakuogopa. Mimi kila nikisimulia nilijua anatetemeka. Asingetetemeka, kulikuwa na ujasiri gani?

Kama kuna njia ya kutoa jina lako kwenye kazi hiyo, litoe.

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Sina la kuongeza.

Shangazi yako


Tarehe 30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Yaani sina jeraha. Paka amehama ukuta.

Jina langu haliwezi kutolewa tena. Kuna mtu alikata kile kipande cha trela, mkono unaopita tumboni na mtoto anayetabasamu, akakirudia rudia na kukiwekea muziki wa vichekesho. Kwa siku chache watu walicheka tu. Halafu wengine wakaanza kuandika kwamba tumefanya makusudi, kwamba studio nzima ni watu waliokaa wakipanga kumdhihaki Mungu. Kupanga! Shangazi, sisi hata kupanga chakula cha mchana hatukupewa nafasi.

Haraka akaitwa kwenye redio. Nilidhani atasema kazi iliharakishwa. Alikohoa akasema, "Kuna mfanyakazi mmoja tuliyemkabidhi sehemu hiyo." Akanitaja jina hewani, jina langu kamili. Tulikuwa tunasikiliza wote kwenye chumba cha mashine, hakuna aliyenitazama.

Simu ikaanza kulia hapo hapo. Wanaume nisiowajua. Mmoja ana sauti ya upole sana, kama daktari. Aliniambia, "Binti, mikono iliyofanya vile tutaikata," akanitakia siku njema. Nimeizima, nimeitoa laini nikaivunja. Usiku sasa nalala kwa Babu Anga. Ni mzee anayechora mawingu na milima ya nyuma kwenye filamu zetu, anaishi na mkewe ghorofa ya juu ya duka la viatu. Ana mzaha. Ameniambia, "Wewe umegombana na waumini, mimi miaka yote nachora mbingu na hakuna aliyewahi kuniandikia hata salamu."

Lakini kuna jambo moja linaninyima usingizi kuliko zile sauti. Picha yangu imesambaa. Siyo ya studio. Ni ile niliyopigwa mlangoni kwako, pazia la bluu nyuma yangu, nimeshika ndoo, nacheka. Sijawahi kuiweka popote. Iko kwenye albamu yako, kabatini.

Shangazi, nani ameifungua albamu?

Chiriku


Tarehe 19 Aprili

Shangazi,

Hujajibu. Natumaini ni posta.

Kuna mwanamume anakaa ng'ambo ya barabara, mbele ya studio, kwenye kreti la soda. Wiki nzima yuko hapo. Hasomi, hali, haongei na mtu. Nikiingia ananitazama miguu, nikitoka ananitazama miguu. Jana hakuwepo, na nikaogopa zaidi.

Nilimwomba Haraka ruhusa nikae nyumbani. "Ukiondoka utaonekana una hatia," akaniambia. Yeye mwenyewe ameweka gari nyuma, karibu na mlango wa kutokea.

Nafanya kazi ili nisiende dirishani kumtafuta. Nimelifuata neno lako. Simba nimemtoa kabisa kwenye mwanzo wa tukio. Nimeacha nguzo, na sura ya mtoto. Lile tabasamu nimelifuta, nikachora mdomo upya, picha moja moja, kwa mkono. Midomo yake inatetemeka. Sikuhitaji kumtafuta wa kumwiga, nilijiwekea kioo mezani.

Tafadhali niandikie, hata kama ni kunigombeza. Na kama kuna jambo hutaki kunieleza, nieleze hilo hilo.

Chiriku


Tarehe 23 Aprili

Mwanangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Naandika nikiwa zahanati, nimejifanya nimekuja kupima presha. Muuguzi amenifungia mlango.

Barua zako zote mbili nimezipata. Nimeshindwa kujibu kwa sababu jibu lake nimelizaa mwenyewe.

Albamu ameifungua kaka yako. Nilimkuta kabatini. Nikamuuliza unatafuta nini, akasema, "Kumbukumbu." Siku ya pili nikaiona picha yako kwenye simu ya muuza mboga. Nilipomkabili hakukana. Alisema, "Mama, tulikaa chini ya meza moja. Yeye alisikia kila neno. Wengine wana sababu ya kutojua, yeye hana." Nikamwambia kwamba wewe, Chiriku, unafanyishwa kazi kwa kukimbizwa, huna sauti. Akanijibu, "Angekataa. Yule mtoto kwenye hadithi si alikataa?"

 Jibu lake bado nalitafuta, Chiriku.

Zamani alikuwa akikubeba mgongoni ukivuka matope. Siku hizi akiingia jikoni natulia kama panya. Mwanangu wa kumzaa, natega sikio nisikie hatua zake zina hasira au hazina. Wenzake wanamsikiliza yeye. Sauti yake imekuwa ya upole, ya chini. Ningependa apige kelele.

Kilichonileta hapa ni hiki. Wamekodi gari. Wanakuja huko, kwenye studio yenu, Jumatatu. Nimewasikia kibarazani kwangu, wakinywa chai niliyoipika mimi. Mmoja aliuliza, "Tukimkuta je?"  Nilisubiri kaka yako aseme neno, nimeshika birika, hakusema.

Usiende kazini Jumatatu. Ondoka hata kwa huyo mzee. Barua hii nampa dereva wa lori la dawa, anasema atafika kabla ya posta. Kama Mungu yumo kwenye nguzo, na awemo kwenye lori.

Shangazi yako


Tarehe 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Niko hai. Naanza na hilo ili ukae chini usome taratibu.

Lori la dawa liliharibika njiani. Barua yako nimeipata jana. Jumatatu ile nilikwenda kazini.

Walifika mchana. Kwanza tulisikia gari, halafu kioo cha mapokezi. Haraka alipita mbio mbele yetu bila koti, tukasikia gari lake nyuma linawaka. Wengine walimfuata. Mimi nilisimama.  Babu Anga akanishika mkono akanivuta hadi chumba cha mashine, kile cha kompyuta zinazounganisha picha za filamu usiku na mchana, akanisukuma nyuma ya kabati za kompyuta. "Kaa hapo. Usipige chafya," akasema. Akatoka, akafunga mlango. Alidhani wakimwona mzee peke yake wataona aibu.

Mlango una kidirisha kidogo cha kioo. Nilikuwa naona kipande cha ukumbi. Niliona skrini zinaanguka. Niliona Babu Anga ameinua mikono miwili, anasema, "Wanangu, wanangu, hakuna mtu hapa, chukueni mnachotaka." Mtu akamuuliza niko wapi. Akasema hajui. Akapigwa. Kwa chuma cha kushikilia taa. Aliweka mkono wa kulia mbele ya uso, na chuma kikatua hapo. Sauti ya mfupa, Shangazi, ilikuwa kama tawi kavu likivunjika.

Aliyempiga sikumwona vizuri.

Kisha mlango ulifunguliwa. Alikuwa Kaka Mrefu. Joto la mashine lilimpiga usoni, akafumba macho, akayafumbua, akaniona. Nimechuchumaa, nimejikumbatia magoti. Amekonda. Alikuwa anahema kama aliyetoka mbio. Nilijaribu kusema "Kaka", midomo ilicheza tu.

Nyuma yake mmoja aliuliza, "Yumo?"

Alinitazama. Sijui kwa muda gani. Mashine zilikuwa zinavuma, nikawa nasikiliza kuvuma kwake, nikifikiri hii ndiyo sauti yangu ya mwisho duniani, feni.

Akasema, "Hamna mtu." Akafunga mlango.

Walipoondoka nilikaa pale pale hadi polisi wakaja na kuniinua. Mkono wa Babu Anga umevunjika sehemu mbaya. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Ndio mkono anaochorea. Nilipokwenda kumwona alijaribu mzaha, akasema mawingu hata mguu unaweza kuyachora, halafu akageukia ukutani na mkewe akaniomba nitoke.

Mashine zote zimevunjwa. Ule mdomo niliouchora upya umekwenda nazo. Filamu haipo tena, na Haraka hapatikani.

Polisi wameniita mara mbili. Wanataka niseme nilimwona nani. Nimewaambia kidirisha kilikuwa kichafu. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi nikumbuke vizuri.

Chiriku


Tarehe 17 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, mara elfu. Nimesoma nimekaa chini kama ulivyoniambia, na hata hivyo nilishika meza.

Umeandika kwamba aliyempiga yule mzee hukumwona vizuri. Wewe uliyenieleza unyoya mmoja ukipenya begani. Nimekulea mimi. Ukisema uongo unaandika sentensi fupi.

Kaka yako alirudi siku ile ile ya Jumatatu, akanipa shati lake nilifue.  Nililiweka kwenye ndoo, nikasimama na sabuni mkononi, nikaona madoa kwenye mkono wa shati. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikiogopa nitasikia umekufa. Sasa nikaogopa kuuliza damu ni ya nani. Nililifua, Chiriku. Mikono ya mama ina upumbavu wake. Nilipopata barua yako ndipo nikajua nilichofua.

Usidhani simpendi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na neno alilosema mlangoni, "Hamna mtu," nalibusu kila nikiamka. Lakini neno hilo lilikuwa lako. Yule mzee hakuambiwa neno.

Polisi hutawaeleza wewe. Hilo sitaki ulibebe, kwamba ulimtaja kaka yako. Leo asubuhi, baada ya chai, nimemwambia: "Mimi na wewe tunakwenda kituoni. Utasema mwenyewe, au nitasema mimi na wewe ukiwa umekaa pembeni yangu."

Akauliza, "Nani kakueleza?"

Nikasema, "Shati."

Alisimama. Ni mrefu, unajua, kichwa chake kinakaribia dari ya jikoni. Niliogopa, sikufichi. Nilishika kiti kwa nyuma ili asione mikono yangu. Niliongea hivyo hivyo, meno yanagongana. Nikamwambia, "Ulisema dada yako angekataa. Na wewe, uliposimama na chuma mkononi, ulikataa?"

Ameingia chumbani, amefunga mlango kwa ndani. Muuguzi amekuja, nimemwambia asubiri kibarazani. Mimi nimeweka kiti nje ya mlango wake, naandika barua hii magotini. Hakuna sauti huko ndani. Naogopa akitoka, na naogopa asipotoka.

Baadaye kidogo.

Ametoka. Amevaa viatu. Amelia, sura imevimba kama alivyokuwa mdogo. Aliniuliza, "Mama, na polisi nao watanipiga?"

Nikamwambia sijui, baba. Sijui.

Amenishika mkono kunisaidia kuinuka, kwa sababu ya magoti. Wake unatetemeka kuliko wangu. Barua namkabidhi muuguzi hapa hapa kibarazani. Tunakwenda sasa.

Shangazi yako